Kuku wa Issuna ndani ya mkate: Sandwichi za mandari zinavyoandaliwa bila kuharibika njiani

MSAFIRI anayetoka Manyoni kuelekea Singida hupita Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi ambayo jina lake huandikwa pia Isuna, ikiwa imebaki takriban kilomita 60 kufika Singida mjini. Barabara hiyo ilipokuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami katika miaka ya 2000, hapo ndipo kazi ilipogawanywa: kipande kimoja kikawa Manyoni hadi Isuna, kingine Isuna hadi Singida. Tangu hapo mabasi na malori ya barabara ya kati yanapita bila kukwama tope, na pamoja na abiria yanabeba kuku.

Kuku wa Singida hahitaji kutambulishwa kwa wakazi wa Dar es Salaam. Akitajwa katika masoko ya Kisutu au Shekilango, mnunuzi huelewa mara moja kwamba anazungumziwa kuku wa kienyeji mwenye nyama ngumu kidogo na supu nzito, tena bei isiyolingana na ile ya kuku wa kisasa. Wengi humfahamu akiwa katika supu, akiwa amechomwa au akiwa kwenye mchuzi wa nazi. Wachache wamemfikiria akiwa amechambuliwa, akachanganywa na mboga mbichi na kubanwa kati ya vipande viwili vya mkate kwa ajili ya mandari, au pikiniki kama wanavyosema vijana wa mjini.

Hata hivyo, kwa chakula cha aina hiyo kuku wa kienyeji ana sifa ambayo kuku wa kisasa hana. Nyama yake haivunjiki kuwa unga inapochanganywa, haitoi maji mengi na ladha yake haimezwi na ndimu wala haradali. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kumpika, na zaidi ya hapo, kujua saa ngapi chakula hicho kinaweza kukaa nje ya baridi kabla hakijageuka sumu. Suala hili la pili ndilo linaloharibu mandari nyingi, na wapishi wengi hulielewa visivyo.

Mkate uliopewa jina la mtu

Sandwichi ilipata jina lake Uingereza katika karne ya 18 kutokana na John Montagu, mwenye cheo cha Earl wa nne wa Sandwich, ambaye husimuliwa kuwa alipenda kula nyama iliyowekwa kati ya vipande vya mkate ili asilazimike kuondoka mezani. Neno hilo lilikwisha kuandikwa mwaka 1762 katika shajara ya mwanahistoria Edward Gibbon. Ama kula kitoweo ndani ya mkate mtu akiwa safarini, hilo ni la kale kuliko lodi huyo, na mkazi wa pwani anayefunga nyama ndani ya chapati hajafundishwa na Mwingereza yeyote.

Saladi ya kuku ilipata heshima ya kifalme mwaka 1953. Katika karamu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, Rosemary Hume na Constance Spry waliandaa kuku baridi aliyechanganywa na mchuzi laini wenye viungo vya binzari. Chakula hicho kingali kinauzwa ndani ya mkate katika maduka ya Uingereza hadi leo. Mpishi wa Tanzania mwenye binzari jikoni anaweza kukiiga bila gharama ya ziada.

Kumchagua kuku

Kuku wa kienyeji huchukua miezi sita hadi minane kufikia ukubwa wa kuchinjwa, wakati kuku wa nyama wa kisasa hufikia hapo kwa wiki tano au sita. Tofauti hiyo ya umri ndiyo inayoeleza ugumu wa nyama, ladha na bei. Kwa sandwichi, anayefaa zaidi ni tetea ambaye hajataga sana au jogoo mchanga. Mnunuzi atamtambua jogoo mkongwe kwa kipi kirefu mguuni na magamba magumu. Mchanga, ncha ya mfupa wa kidari chake hupinda ikibonyezwa kwa kidole.

Afya ya kuku huonekana kwa macho. Kilemba kiwe chekundu, macho yawe maangavu, pumzi isiwe na mkoromo na manyoya ya nyuma yasiwe na uchafu wa kuharisha. Kuku aliyesinzia ndani ya tenga huku wenzake wakidonoa asinunuliwe hata kama bei yake imeshuka. Mara nyingi bei hiyo imeshuka kwa sababu.

Katika vijiji vya mikoa ya kati, sababu hiyo kwa kawaida ni mdondo, ugonjwa ambao sehemu nyingine huitwa kideri. Huletwa na virusi, na katika kundi ambalo halijachanjwa unaweza kuua kuku tisa kati ya kumi, au wote. Hauna dawa. Viuavijasumu ambavyo wafugaji wengine hukimbilia dukani kuvinunua haviui virusi. Huongeza tu mabaki ya dawa ndani ya nyama, mabaki ambayo mlaji wa mjini huyapokea bila kujua.

Kinga ipo, na si ghali. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, imekuwa ikizalishwa hapa nchini na hutolewa kwa tone moja katika jicho la kila kuku, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa kuwa haidai ubaridi mkali kila dakika, inafaa kwa vijiji ambako friji ni adimu. Kasoro yake ni kwamba chupa moja hubeba dozi za kuku wengi na ikishafunguliwa haihifadhiki kwa muda mrefu, hivyo mwenye kuku wanane hulazimika kushirikiana na majirani. Pale ambapo majirani hawakubaliani siku, chupa hainunuliwi, na kiangazi kinapofika mabanda hubaki matupu.

Hasara hiyo haiishii kwenye kitoweo. Katika kaya nyingi za vijijini kuku huangaliwa na mama, na ndiye benki ya kwanza kabla ya mbuzi au ng'ombe kuguswa. Kuku wawili huuzwa ili mtoto apate daftari na sare. Watatu hulipa nauli ya kwenda hospitali. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mzao mmoja, na mara tatu hivi kwa mwaka, kisha huatamia na kulea. Kundi lililofutwa na mdondo mwezi Septemba haliwezi kurudi kabla ya Krismasi, msimu ambao wafanyabiashara wa mjini hununua kwa wingi.

Kuchemsha hadi nyama iachie mfupa

Kuku mmoja wa kienyeji aliyekwisha kunyonyolewa na kusafishwa, mwenye uzito wa kilo moja hadi kilo moja na robo, hutosha sandwichi kumi. Hukatwa vipande vikubwa, huwekwa katika sufuria na maji yanayomfunika, kitunguu kimoja kilichopasuliwa, kipande cha tangawizi kilichopondwa, punje nne za kitunguu saumu, pilipili manga chache na kijiko kidogo cha chumvi.

Maji yakishachemka, moto upunguzwe. Kuchemsha kwa fujo hukaza nyama, na kuku wa kienyeji hahitaji kukazwa zaidi. Mchanga huiva kwa saa moja hivi. Jogoo wa makamo huhitaji saa moja na nusu au zaidi. Wapishi wa Dar es Salaam wanaomtembelea ndugu Singida hulalamika kwamba kuku wa huko "hawaivi". Sehemu ya lawama si ya kuku. Singida mjini ipo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Sufuria yenye mfuniko mzito na muda wa ziada humaliza tatizo.

Nyama imeiva vya kutosha pale inapoachia mfupa yenyewe na hakuna damu karibu na kiungo cha paja. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa Funguo Tano za Chakula Salama uliotolewa mwaka 2006, linataka kiini cha chakula kifikie angalau nyuzi 70. Mamlaka za Marekani hutaka nyuzi 74 kwa nyama ya kuku. Kuku aliyechemshwa hadi kuachia mfupa amevuka viwango vyote viwili.

Supu isimwagwe. Vijiko vichache vitahitajika baadaye, na iliyobaki ni chakula cha asubuhi cha wale wanaoamka mapema kuandaa safari.

Nyama ingali na uvuguvugu, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, huchambuliwa na kukatwa katika vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya karanga. Ngozi na mishipa huondolewa. Vipande hutandazwa katika sinia pana ili vipoe upesi, si kurundikwa ndani ya bakuli ambamo katikati hubaki moto kwa saa nyingi. Kuchanganya nyama ya moto na mchuzi wa baridi ni njia ya hakika ya kupata uji wenye mafuta juu.

Mchuzi wa mayai na mafuta ya alizeti

Mayonezi ya kopo inapatikana madukani na hakuna ubaya kuitumia. Mnunuzi atazame tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, jukumu lililokuwa la TFDA. Inayotengenezwa nyumbani kwa viini vibichi ndiyo ya kuepukwa kwa mandari. Yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela, na yai la kienyeji halina kinga ya pekee katika jambo hili, licha ya imani iliyoenea kinyume chake.

Njia salama, ambayo kwa ladha haipitwi na ya kopo, ni kutumia mayai yaliyochemshwa. Mayai manne huchemshwa kwa dakika 12 hadi viini vikauke. Viini hupondwa kwa uma pamoja na kijiko kidogo cha haradali, chumvi na pilipili manga. Kisha mafuta ya alizeti huongezwa kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko hadi vijiko vikubwa sita, huku mchanganyiko ukikorogwa bila kupumzika. Vijiko viwili vya maji ya ndimu hufuata, na vijiko viwili au vitatu vya supu iliyopoa kabisa hulainisha mchuzi hadi utiririke polepole. Ute mweupe wa mayai hukatwakatwa na kuungana na nyama.

Mafuta ya alizeti ni zao la Singida kama kuku alivyo. Yale yanayokamuliwa katika mashine ndogo bila kusafishwa yana rangi nzito na harufu ya mbegu ambayo wengine huipenda na wengine humshinda mlaji. Kwa mchuzi usiopikwa, ni heri kuchanganya nusu ya hayo na nusu ya yaliyosafishwa.

Mboga na tatizo la maji

Sandwichi iliyolowa haina mteja. Adui mkubwa wa mkate ni maji ya mboga, na nyanya ndiyo mkosaji wa kwanza. Isiwekwe ndani kabisa; ibebwe nzima na kukatwa mahali pa kulia. Tango likitumika, mbegu zake zitolewe, linyunyiziwe chumvi, liachwe kwa robo saa kisha likamuliwe.

Zinazostahimili safari ni karoti iliyokunwa, pilipili hoho iliyokatwa vipande vidogo na kabichi iliyokatwa nyembamba. Kitunguu ni cha lazima, na Singida haina uhaba nacho. Vitunguu vyake hufuatwa na malori ya mikoa mingine. Kikikatwa kikaoshwa kwa maji ya chumvi na kukamuliwa, kama ifanywavyo kwa kachumbari ya pwani, ukali wake hupungua na hakitanuka ndani ya basi zima. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa kiasi huongeza mlio chini ya meno.

Kwa kuwa mboga hizi hazipikwi, maji ya kuoshea yawe yaliyochemshwa au yaliyotibiwa. Ubao na kisu vilivyomkata kuku mbichi visiguse mboga kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Kosa hili la kawaida ndilo linalohamisha vijidudu kutoka kwa kuku kwenda kwenye chakula ambacho hakitapita motoni tena.

Kila kipande cha mkate hupakwa siagi au majarini hadi ukingoni. Wapo wanaodhani hiyo ni anasa juu ya mayonezi, kumbe ni ukuta: mafuta huzuia unyevu usipenye. Mkate uliolala siku moja ni bora kuliko uliotoka tanuri asubuhi hiyo, ambao hubonyea. Asiyepata mkate mzuri atumie chapati iliyopoa, ambayo hukunjwa, haipasuki na haidai siagi.

Saa mbili, si zaidi

Watu wengi huamini kwamba kinachoharibika kwanza katika sandwichi ya kuku ni mayonezi. Si kweli kwa mayonezi ya kiwandani, kwani siki iliyomo huifanya iwe na uchachu ambao bakteria wengi hawaustahimili. Kinachoharibika ni kuku mwenyewe, mayai na mboga, hasa vikishashikwa kwa mikono. Bakteria aitwaye stafilokoka huishi puani na kwenye vidonda vya vidole vya watu wenye afya njema. Akiingia katika nyama iliyoiva na kupata joto, hutoa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Mlaji huanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa nane. Salmonela huchelewa zaidi, kuanzia saa sita hadi siku kadhaa, na kwa mtoto mdogo au mzee inaweza kumfikisha wodini.

WHO inaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Joto la nje likizidi nyuzi 32, jambo la kawaida Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi, wataalamu wa Marekani hupunguza muda huo hadi saa moja. Friji iwe chini ya nyuzi tano.

Hesabu hiyo hubadilisha ramani. Familia inayotoka Issuna asubuhi kwenda kupumzika kando ya Ziwa Singidani au Kindai, maziwa ya maji chumvi yaliyozungukwa na majabali ya mjini Singida na ambako heroe huonekana kwa misimu, ina mwendo wa saa moja hivi. Sandwichi zilizotengenezwa muda wa kuondoka zitafika salama hata bila barafu, mradi ziliwe mara baada ya kuwasili na si baada ya mechi ya mpira. Abiria anayepanda basi Dar es Salaam saa 12 asubuhi kwenda Singida, takriban kilomita 700, yuko katika hali tofauti kabisa. Bila barafu, sandwichi zake zisivuke Chalinze.

Mwenye deli ana nafuu kubwa. Chupa za maji hujazwa robo tatu na kugandishwa usiku kucha, kisha hupangwa chini na juu ya chakula. Zikiyeyuka huwa maji ya kunywa. Deli likae kivulini, lisifunguliwe kila mara, na vinywaji viwe katika chombo kingine ili watoto wasilifungue kwa ajili ya soda. Njia nyingine ni kubeba vitu vikiwa mbalimbali: mchanganyiko wa kuku ukiwa baridi ndani ya chombo chenye mfuniko, mkate pembeni, na kupaka hufanyika mahali pa kulia.

Pasipo friji, kama ilivyo katika nyumba nyingi za vijijini, kuku achinjwe alfajiri ya siku ya safari na asipikwe jioni ya kuamkia. Kumchemsha saa 10 alfajiri humfanya awe tayari kuchambuliwa saa 12, na saa moja na nusu asubuhi sandwichi zimefungwa.

Kuhusu kufungia, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019. Karatasi safi ya kufungia chakula, karatasi ya foili au kitambaa cha pamba kilichopigwa pasi hutosha, na kila sandwichi ikifungwa peke yake haigusani na mikono ya wote. Gazeti la jana lisitumike kugusana na mkate, kwa sababu wino wake huhamia kwenye siagi. Sandwichi zitakazobaki baada ya saa mbili juani hazirudishwi nyumbani, na wala kuku wa jirani wasipewe, kwani mabaki ya nyama ya kuku ni mojawapo ya njia ambazo virusi vya mdondo huingia katika kundi jipya.